Kufunga kompresa ya upepo kwenye pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu kompresa ya umeme wa volti 12 inayofungwa moja kwa moja kwenye gari. Mifano mingi ni ya Hilux na Land Cruiser 79, lakini D-Max, Ranger na Navara hufuata kanuni zilezile. Kama una muda wa kusoma maswali mawili tu, soma la mahali pa kufunga na la waya. Kompresa nyingi hufa kwa joto na kwa umeme usiofika, si kwa ubovu wa kiwandani.

Kwa nini nifunge kompresa badala ya kubeba ile ndogo ya kuchomeka?

Tundu la kiberiti la gari kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15. Hiyo ni wati 180 kwa juu kabisa, na kompresa inayoishi ndani ya mpaka huo hutoa upepo kidogo mno kwa tairi la pikapu. Kompresa ya kufunga hula ampea 25 hadi 30 ikiwa ya silinda moja, na 50 hadi 60 ikiwa ya silinda mbili. Ndiyo maana huchukua umeme wake kwenye betri bila kupitia tundu lolote.

Anayefaidika nayo ni yule anayeshusha upepo na kuurudisha mara kwa mara: anayevuka jangwa la Chalbi au mito mikavu ya Samburu, anayepita udongo mweusi wakati wa masika kisha akarudi kwenye lami, au anayefanya kazi mbali na kituo cha mafuta. Kama shida yako ni pancha mbili kwa mwaka mjini, nunua ya kubeba yenye klipu za kubana kwenye betri na uishie hapo.

Ninunue ya ukubwa gani?

Fanya hesabu badala ya kuangalia picha kwenye boksi. Tairi la 265/70R16 lina nafasi ya takriban lita 65 ndani. Ukilipandisha kutoka psi 18 hadi 35, umeongeza psi 17, yaani kama lita 75 za hewa ya kawaida. Kompresa inayosukuma lita 60 kwa dakika humaliza tairi moja kwa dakika moja na robo hivi. Ya lita 20 kwa dakika huchukua karibu dakika nne, na kwa matairi manne hiyo ni robo saa mota ikiunguruma bila kupumua. Ya silinda mbili, yenye lita 130, humaliza tairi kwa sekunde thelathini na tano hivi, na hapo unakuwa unachelewa kufungua vifuniko vya vali kuliko kujaza.

Angalia jambo moja kwenye maelezo ya kiwandani. Lita zinazoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi hupimwa kompresa ikipuliza hewani, kwenye psi 0. Muulize muuzaji inatoa lita ngapi kwenye psi 30. Kompresa nzuri hupoteza kidogo tu kati ya namba hizo mbili. Dhaifu hupoteza nusu.

Kwa Hilux yenye matairi ya kawaida, silinda moja iliyo imara inatosha. Kwa matairi ya inchi 33 kwenda juu, au kama unasafiri magari matatu na yenye kompresa ni lako peke yako, chukua ya silinda mbili.

Asilimia 33, 50 au 100 zinazoandikwa kwenye kompresa zina maana gani?

Ni sehemu ya muda ambayo kompresa inaweza kufanya kazi bila kupita kiwango chake cha joto. Asilimia 33 ni dakika 20 za kazi na 40 za kupumzika katika kila saa. Asilimia 50 ni nusu kwa nusu. Viwango hivyo kwa kawaida hupimwa kwenye psi 100 na hewa ya nyuzi joto 22 hivi. Mombasa, Dar es Salaam au Lodwar mchana hakuna nyuzi 22, na chini ya boneti baada ya safari ndefu joto hupita nyuzi 70. Kwa hiyo punguza matarajio. Kwa upande mwingine, psi 35 za tairi ni mzigo mwepesi kuliko psi 100 za kipimo, na hilo hukurudishia kiasi.

Nifunge wapi?

Hakuna mahali pasipo kasoro. Unachagua kasoro unayoweza kuishi nayo.

Chini ya boneti pana faida kubwa mbili: waya mfupi, na pamejikinga na matope. Kasoro ni joto. Ukifunga hapo, kaa mbali na tabo na bomba la moshi, acha nafasi ya kupitisha kiganja pande zote za silinda, na usiweke juu ya radieta ambako upepo moto wa feni hupita. Mahali pazuri kwa kawaida ni kwenye sahani ya betri ya pili isiyotumika, au kando ya ukuta unaotenganisha injini na kabini. Kabla ya kutoboa, funga boneti polepole juu ya kipande cha udongo wa mfinyanzi au plastisini ulichokiweka juu ya kompresa. Unene utakaobaki ndio nafasi halisi uliyonayo. Chini ya sentimita mbili, hamisha.

Nyuma ya kiti, kwenye pikapu ya kabini moja, pana ubaridi na usafi kuliko pote. Kelele ni nyingi, lakini kompresa huwa inafanya kazi ukiwa nje. Hakikisha tu kwamba kiti kikirudishwa nyuma hakiigusi, na kwamba mazulia hayaizibi.

Ndani ya boksi la vifaa kwenye bodi ya nyuma ni pazuri ikiwa boksi lina matundu ya hewa. Boksi lililofungwa kabisa ni tanuri. Ama toboa matundu mawili yenye kipenyo cha milimita 50, moja chini na moja juu upande wa pili, ukayafunika kwa wavu, ama jizoeze kufungua mfuniko kila unapojaza.

Chini ya bodi, kando ya chesisi, ndipo watu wengi hupaona kwanza kwa kuwa pana nafasi tele. Hapo ndipo mahali pabaya zaidi kwa barabara zetu. Mawe, matope, maji ya mto na vumbi jekundu vyote hupita hapo. Kama huna njia nyingine, tengeneza ngao ya bati la milimita 3, funga juu ya mstari wa chini wa chesisi, na hamishia chujio la hewa juu.

Naweza kutoboa au kuchomelea chesisi?

Usichomelee kabisa. Moto hubadilisha chuma cha chesisi pembeni mwa mshono, na ufa huanzia hapohapo. Kutoboa: usiguse kingo za juu na za chini, maana ndizo zinazobeba mzigo gari linapopinda. Tumia matundu yaliyoachwa na kiwanda, au bana breketi kwa bolti za umbo la U.

Ukitoboa bodi au ukuta wa injini, kwanza ingia uvunguni uone kilichoko upande wa pili. Tangi la mafuta, bomba la breki na fungu la nyaya hukaa karibu kuliko unavyodhani. Paka rangi ya zinki kwenye ukingo wa kila tundu siku hiyohiyo.

Breketi iwe ya nini?

Bamba la chuma la milimita 4, au la aluminiamu la milimita 5. Bamba la milimita 2 hupasuka kwenye kona ya mkunjo baada ya miezi michache ya barabara yenye mikunjo kama bati. Tumia bolti ngumu za M6 au M8 kulingana na matundu ya kompresa, nati zenye plastiki ya kujikaza ndani, na washa pana. Raba za kuzuia mtikisiko zilizokuja na kompresa zitumike. Usizitupe ili ikae imara zaidi. Kumbuka tu kwamba raba hazipitishi umeme, kwa hiyo kompresa lazima iwe na waya wake wa ethi, yaani wa kurudisha umeme upande hasi wa betri.

Ikae wima, ilale, au igeuzwe?

Isiyotumia oili, ambazo ndizo nyingi, hukubali kukaa vyovyote. Inayotumia oili lazima isimame kama kiwanda kilivyoelekeza, la sivyo oili itaingia kwenye upepo.

Waya uwe mnene kiasi gani?

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo. Waya mwembamba hupoteza volti njiani. Mota inayopata volti 10 badala ya 13.5 huzunguka polepole, feni yake hupoza kidogo, hufanya kazi muda mrefu zaidi kwa tairi lilelile, na ikianza huku kuna presha kwenye bomba inaweza kukwama. Mota iliyokwama na bado ina umeme hugeuka hita.

Chukua kompresa ya ampea 30 iliyoko nyuma ya gari, mita 5 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 10 za shaba. Waya wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 2.1. Wa 6 hupoteza 0.86. Wa 10 hupoteza 0.52, na wa 16 hupoteza 0.32. Lenga upotevu usiozidi nusu volti, maana yake kwa nyuma ni 10 kwa shida, 16 kwa raha. Kwa ya silinda mbili ya ampea 55, waya wa 16 hupoteza 0.59, na wa 25 hupoteza 0.38, chukua 25. Kompresa ikiwa chini ya boneti, mita moja na nusu tu kutoka kwenye betri, 6 inatosha kwa silinda moja.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni vipimo. Baadhi ya waya za magari, hasa zinazofuata desturi ya Australia, huuzwa kwa kipenyo cha nje pamoja na plastiki. Waya wa "milimita 6" wa namna hiyo una shaba ya milimita za mraba 4.6 hivi tu. Uliza milimita za mraba. Wa pili ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Ni mwepesi mkononi na bei yake huvutia. Kwangua uzi mmoja kwa wembe, ukiona weupe ndani, rudisha. Waya wa mashine ya kuchomelea wa 16 au 25, wa shaba halisi, ni chaguo zuri sana: unapindika, hauchoki kwa mtikisiko, na kila duka kubwa la vifaa vya ujenzi linao. Uvalishe bomba la plastiki lenye mikunjo njia nzima, na pale unapopenya bati uwekee raba ya tundu.

Taminali zibanwe kwa koleo la haidroli au la mkono lenye meno ya ukubwa huo, zisigongwe kwa nyundo. Risasi ya kulehemu si mbadala: hupanda ndani ya nyuzi, hufanya sehemu moja kuwa ngumu kama msumari, na waya hukatikia pale ugumu unapoishia.

Fyuzi iwe ya ampea ngapi, na ikae wapi?

Ikae ndani ya sentimita 20 hadi 30 kutoka nguzo chanya ya betri. Kazi yake ni kulinda waya, si kompresa. Waya wa mita 5 ukichunwa na chesisi bila fyuzi mwanzoni mwake, umeme wote wa betri humwagika hapo, na gari huungua. Kwa kompresa ya ampea 30 tumia fyuzi ya 40; kwa ya 55 tumia 80, au mbili za 40 ikiwa kompresa imekuja na waya mbili. Fyuzi ikiungua, tafuta sababu kabla ya kupandisha namba.

Rilei na swichi zinaungwaje?

Swichi ya dashibodi haibebi ampea 30, kwa hiyo inaagiza rilei na rilei inabeba mzigo. Miguu ya rilei ina namba. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri uliopita kwenye fyuzi. Mguu wa 87 huenda kwenye kompresa. Mguu wa 85 huenda ethi. Mguu wa 86 hupokea amri kutoka kwenye swichi, ambayo nayo huchukua umeme unaopatikana funguo ikiwa imewashwa tu, kupitia fyuzi ya ampea 3 au 5. Kwa njia hii ya amri waya wa milimita ya mraba 1 unatosha.

Kama una swichi ya presha, ile inayowasha na kuzima kompresa yenyewe kulingana na presha ya tangi la upepo, iweke kwenye njia ya amri, kati ya swichi na mguu wa 86. Swichi nyingi za presha za bei nafuu zina nukta ndogo ndani; ukizipitishia umeme wa mota hugandana, na kompresa haizimi tena hadi vali ya usalama ipige kelele.

Rilei ya kawaida ya ampea 40 inafaa kwa silinda moja. Kwa silinda mbili tafuta ya 70 au 100, ya kazi ya mfululizo. Rilei ya stata haifai, maana imetengenezwa kubeba mzigo kwa sekunde chache tu.

Ethi niiweke kwenye bodi au kwenye betri?

Kwa kompresa iliyo mbali, rudisha waya hadi kwenye betri, mnene sawa na wa chanya. Bodi ya nyuma ya pikapu imekaa juu ya raba na kutu. Umeme hupita hapo kwa shida. Isipokuwa: magari mapya, Ranger kwa mfano, yana kihisi kwenye nguzo hasi ya betri kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Hapo funga ethi yako kwenye bolti ya bodi ambako waya wa betri unaishia, usifunge kwenye nguzo yenyewe, ili kihisi kiione kompresa.

Gari langu lina betri mbili. Nichague ipi?

Kwanza pima. Land Cruiser za dizeli za zamani zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, zikiwemo baadhi ya zile ambazo namba ya modeli huanza na BJ au HJ, hutumia volti 24, na nyingi zimefika huku kama mitumba. Kompresa ya 12 ikiunganishwa na 24 huungua papo hapo. Wala usichukue 12 kutoka betri moja ya jozi ya 24: hiyo moja itaisha kila siku, mwenzake atachajiwa kupita kiasi, na utazika zote mbili. Nunua kompresa ya 24. Kama betri zote ni za mfumo wa 12, tumia ya kuwashia gari, na injini iwe inafanya kazi.

Lazima injini iwe imewashwa?

Ndiyo. Injini ikizunguka mota hupata karibu volti 14 badala ya 12, na betri haimalizwi. Kwa silinda mbili pandisha mzunguko hadi 1,200 au 1,500. Fanya hivyo nje, si ndani ya gereji iliyofungwa.

Mpira wa kutoka kwenye kompresa umeyeyuka. Kwa nini?

Kwa sababu hewa inayobanwa hupata joto, na inatoka kwenye silinda ikiwa na nyuzi zaidi ya 100. Sehemu ya kwanza, angalau nusu mita, lazima iwe mpira wa teflon uliosukiwa nyuzi za chuma, ule unaokuja na kompresa. Usiukate wala usiubadilishe na mrija wa nailoni kwa sababu ni mfupi. Sogeza kompresa au ongeza mrija baada yake. Vali ya njia moja mara nyingi iko mwishoni mwa mpira huo. Bila vali hiyo presha ya tangi hurudi juu ya pistoni, na mota hulazimika kuanza ikiwa imebanwa.

Viungo vinavuja ingawa nimekaza na kuweka tepu.

Uwezekano mkubwa umechanganya nyuzi za skrubu za aina mbili. Kompresa nyingi za Marekani hutumia NPT, na maduka yetu huuza viungo vya BSP. Kwenye robo inchi, NPT ina nyuzi 18 kwa inchi na BSP ina 19. Pembe ya moja ni digrii 60, ya nyingine 55. Huingia mizunguko miwili mitatu, hukaza vizuri kabisa, kisha huvuja milele. Chukua kompresa yako dukani ujaribu kwa vidole: kiungo sahihi huingia mizunguko minne au zaidi bila kulazimishwa.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba izungushwe mara tatu kufuata upande wa kukaza, ukiacha uzi wa kwanza wazi. Kipande kinachobaki ncha yake kikiingia ndani huenda kukaa chini ya vali ya njia moja, na unaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Nahitaji tangi?

Kwa kujaza matairi tu, hapana. Tangi la lita 10 likishuka kutoka psi 145 hadi 35 hutoa lita 75 za hewa, yaani tairi moja. Baada ya hapo kompresa inajaza tairi na tangi kwa pamoja, na haujaokoa muda. Tangi lina maana ukiwa na honi za upepo, unapopuliza vumbi kwenye chujio, au unaporudisha ukingo wa tairi kwenye rimu, kazi inayotaka upepo mwingi kwa mpigo. Bila tangi, usiweke swichi ya presha kwenye kipande kifupi cha mpira: itawasha na kuzima kila sekunde mbili hadi rilei ife. Tumia swichi ya mkono na vali ya usalama.

Naweza kutumia tangi la breki za lori, au mtungi wa gesi?

La lori, ndiyo, likiwa halina kutu ndani. Soma kibao chake cha presha na weka swichi ya presha izime chini ya namba hiyo, na vali ya usalama ifunguke kabla ya kuifikia. Kwa tangi jipya la psi 200, mpangilio wa kawaida ni kuwasha kwenye 110, kuzima kwenye 145, na vali ya usalama kwenye 175. Koki ya kumwagia maji ikae chini kabisa.

Mtungi wa gesi ya kupikia, hapana. Mabaki ya gesi hulipuka fundi anapouchomelea kiungo. Bomba la plastiki la maji, hapana pia. Likipasuka hutoa vipande vikali kama vioo.

Itaendesha bunduki ya kufungulia nati za magurudumu?

Kwa sekunde chache, ikiwa na tangi, kisha unasubiri. Bunduki ya nusu inchi inakula upepo zaidi ya kompresa yoyote ya silinda moja. Kwa kazi hiyo nunua ya betri.

Kompresa ikaingia majini wakati wa kuvuka mto?

Mota nyingi huvumilia maji ya kurushiwa, hazivumilii kuzamishwa. Hatari kubwa ni chujio: kompresa moto ikivuta tone la maji, vali nyembamba za silinda hupinda. Hamisha chujio kwa mpira wenye tundu lisilopungua la awali hadi sehemu ya juu ya boneti au ndani ya kabini. Usiwashe kompresa ukiwa bado majini.

Nianze na nini siku ya kufunga?

Tenga siku nzima. Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Shikilia kompresa mahali pake kwa kamba, zungusha usukani pande zote, funga boneti, kaa kwenye kiti; hakikisha haigusi kitu. Ndipo utoboe na kufunga breketi. Baada ya hapo pitisha nyaya, ukizifunga kila sentimita 30 na kuziweka mbali na bomba la moshi na shafti. Unganisha upande wa kompresa, kisha rilei, kisha swichi, na fyuzi iwe kitu cha mwisho kuingizwa. Rudisha betri, washa injini, na pima volti kwenye nguzo za kompresa ikiwa inajaza tairi. Chini ya 12.5, rudi kwenye waya na taminali. Maliza kwa kupaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo.

Mpira wa kujazia uwe mrefu kiasi gani?

Hilux ya kabini mbili ina urefu wa mita 5.3 hivi. Kiungo kikiwa mbele upande mmoja, mita 8 hufika matairi yote na la spea. Tundu la ndani liwe milimita 8. Geji huonyesha namba ya juu kuliko ukweli wakati upepo unapita. Achia kishikio, subiri sekunde mbili, ndipo usome. Usijaze matairi yakiwa moto kwa namba ya baridi: kila nyuzi joto 5 au 6 huongeza psi 1 hivi, na asubuhi utakuta yamepungua.

Haiwaki kabisa.

Pima kwa mpangilio: fyuzi kubwa, fyuzi ndogo, kama rilei inabofya, kama mguu wa 87 una umeme rilei ikibofya, kisha ethi. Ikiwa ilikuwa inafanya kazi ikazima yenyewe, subiri nusu saa. Swichi ya joto iliyomo ndani ya mota imekata, na itajirudisha.

Inanguruma lakini tairi halijai.

Chomoa mpira na uzibe kwa kidole tundu la kutolea, kompresa ikiwa baridi. Upepo ukikusukuma kwa nguvu, tatizo liko mbele: vali ya njia moja imekwama, kiungo kinavuja, au kishikio hakisukumi sindano ya vali ya tairi. Ukiwa dhaifu, ni ringi ya pistoni au vali za silinda, na vifaa vya kubadilisha hivyo huuzwa kwa kompresa za majina makubwa.

Fyuzi huungua kila inapojiwasha tena, si mara ya kwanza.

Vali ya njia moja inavuja. Mota inaanza dhidi ya presha ya tangi.

Naitunzaje? Niitie oili?

Usiitie oili isiyotumia oili. Ringi yake ni ya aina ya teflon, na oili ikichanganyika na vumbi hufanya msasa. Kwenye vumbi safisha chujio kila mwezi na ubadilishe linapokuwa jekundu hadi ndani. Kaza bolti baada ya kilomita 500 za kwanza za barabara mbaya, kisha kila unapobadilisha oili ya injini. Tangi limwagwe kila wiki pwani, ambako hewa ina maji mengi. Bara, mara mbili kwa mwezi inatosha. Na iwashe walau mara moja kwa mwezi hata kama huna tairi la kujaza, maana kompresa iliyolala miezi sita hushika kutu kwenye silinda.

Nikiuza gari naweza kuihamisha?

Ndiyo. Toa fyuzi kubwa kwanza, kisha waya kwenye nguzo ya betri, ndipo ufungue kompresa. Waya ukiubakiza kwenye gari, usiache ncha yoyote imeunganishwa na betri, na ziba matundu ya ukuta wa injini kwa raba ili maji na moshi visiingie kabini.